Melbourne: panda tramu ya zamani, kisha treni ya chini ya ardhi

Tramu namba 35 (City Circle) ni za zamani, aina ya W, na ni bure. Ipandie Flinders Street. Shika nguzo, maana breki zake za hewa hushtua waliosimama.

Kosa la wageni ni kugusisha kadi ya nauli, myki, kwenye mashine ndani ya eneo la tramu za bure: unakatwa nauli bila sababu. Kwenye treni ni kinyume, gusisha ukiingia na ukitoka.

Kufika kwenye reli mpya ya Metro Tunnel, iliyofunguliwa Novemba 2025 na vituo 5, shuka La Trobe Street karibu na kituo cha treni cha Melbourne Central, kilichounganishwa chini kwa chini na State Library, kituo kimojawapo cha reli hiyo.