Kabla Uwashe Hiyo Mashine ya Kutoa Nywele Mara ya Kwanza

Binamu yangu alinipigia Jumapili jioni akiwa na boksi kitandani, mashine ya kutoa nywele ameletewa na shangazi yetu kutoka Marekani, ameshaitoa kwa plastiki na anataka kujua kitu moja tu, aanze na makwapa ama miguu. Nikamwambia, mama, usianze na chochote, nisomee kwanza venye imeandikwa hapo kwa boksi. Tulikaa kwa simu karibu saa nzima, na hiyo saa ndio imenifanya niandike haya, juu wengi wetu tunanunua hivi vitu kwa kuangalia bei na ile picha ya mguu laini, hatuulizi mashine yenyewe inafanya kazi vipi na kama walioiunda walikuwa wanafikiria ngozi kama zetu.

Sa, cha kwanza kabisa ujue uko na mashine gani. Watu wanaziita zote "mashine ya nywele" lakini ziko aina tatu na hazifanani hata kidogo. Kuna ya kunyoa, inakata nywele usawa wa ngozi tu, na baada ya siku mbili tatu ushaanza kukwaruza tena. Kuna epileta, iko na vibano vidogo vidogo kwa kichwa chake vinavyozunguka na kung'oa nywele na mzizi wake. Alafu kuna ya taa, ile wanaandika IPL, ukibonyeza inamulika mara moja kama flashi ya kamera. Hiyo ya mwisho ndio wengi wanaita leza lakini si leza, leza inatoa mwanga wa aina moja pekee na IPL inatoa mchanganyiko wa mianga mingi kwa pamoja. Ya binamu ilikuwa ya taa. Hapo nikakaa chini vizuri.

Nikueleze venye nilimweleza yeye. Mwanga wa hiyo mashine unatafuta weusi. Kile kinachofanya nywele iwe nyeusi kinaitwa melanini, melanini inameza mwanga, mwanga ukimezwa unageuka joto, na hilo joto likishuka kwa mzizi linauchosha mpaka nywele ianze kuota kidogo kidogo na kwa kuchelewa. Kwa mtu wa ngozi nyeupe na nywele nyeusi inaenda poa, juu weusi wote uko kwa nywele. Lakini sisi melanini iko kwa ngozi pia, na ngozi ndio iko mbele, kwa hivyo joto linaishia juu kabla hata lifike kwa mzizi. Hapo ndio watu wanaungua. Na ndio maana pia nywele nyeupe za uzee hazisikii hiyo taa, hazina cha kumeza mwanga.

Kwa hizo boksi huwa kuna chati ya rangi za ngozi, sita kwa kawaida, kutoka nyeupe kabisa mpaka nyeusi tii. Hiyo hesabu ya namba inatokana na kazi ya daktari wa ngozi wa Marekani, Thomas Fitzpatrick, mwaka wa 1975, na mwanzoni iliangalia ngozi nyeupe, rangi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Usiruke hiyo chati. Mashine zinazojulikana kama Philips Lumea na zile za Braun za taa zinasema wazi ngozi nyeusi zaidi, ile ya sita, haifai, na nyingi zina kitu cha kupima rangi ya ngozi kinachokataa taa isiwake. Ikikataa kuwaka, ushajibiwa, usianze kutafuta njia ya kuilazimisha. Zile za bei ya chini zisizo na hicho kipimo zitawaka tu, hata kwa ngozi ambayo hazikupaswa kuguswa nazo.

Na ukiilinganisha, simama kwa dirisha mchana, si chini ya balbu usiku, alafu weka chati kwa sehemu yenyewe unataka kufanya. Hii watu hawaifikirii. Mkono wako unaweza kuwa kahawia ya kati, inaruhusiwa, lakini makwapa na kinena ni nyeusi kuliko mkono, magoti pia na vifundo vya miguu pia, na hizo ndio sehemu tunataka kutoa nywele. Binamu ni rangi ya maji ya kunde kwa uso lakini kwapa lake lilikuwa jeusi kupita rangi ya mwisho inayoruhusiwa kwa hiyo chati.

Kuna dada tulifanya kazi pamoja hapa Tao, Nairobi, ngozi yake nyeusi nzuri imeiva, alinunua ya taa kwa duka fulani, muuzaji akamwambia inafanya ngozi zote usijali, na ukianzia nguvu ya juu unamaliza haraka. Akafanya miguu yote usiku mmoja. Asubuhi alikuwa na alama za mstatili zimepangana kwa mguu kama tofali, ukubwa uleule wa kidirisha cha mashine, zingine zikafanya malengelenge, na hizo alama zilimkalisha na suruali ndefu miezi mingi sana. Hakuwa mjinga, aliuliza swali na akadanganywa. Nikimkumbuka bado naumia, kwa hivyo ukiambiwa na mtu anayeuza kwamba inafaa kila ngozi, mwambie akuonyeshe hapo kwa kitabu chake imeandikwa wapi.

Kama ngozi yako ni nyeusi na unataka kabisa nywele zipungue kwa muda mrefu, njia iko, lakini si ya nyumbani. Ni leza ya kliniki inayoitwa Nd:YAG, nanomita 1064, hiyo ndio namba ya aina ya mwanga wake, mwanga wake unashuka ndani zaidi na melanini ya juu haiumezi sana, ndio maana madaktari wa ngozi wanaichagua kwa watu weusi. Ukienda kuuliza kwa kliniki uliza mashine yao ni ya namba gani, uliza nani ataishika, na uliza kama watakujaribia kidoa kimoja kwanza. Asiyejua namba ya mashine yake mwenyewe, achana naye, pesa zako zibaki kwa simu.

Umeme nao. Hapa Kenya stima yetu ni volti 240, Marekani ni 120, na kitu cha kutoka huko ukikichomeka tu na adapta ya tundu tatu kinaweza kuungua siku ya kwanza, juu adapta inabadilisha umbo la plagi, haibadilishi volti. Angalia maandishi madogo kwa chaja, ikisema 100-240V uko salama, ikisema 120V pekee tafuta transfoma ama uiache. Ukinunua kule Luthuli, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme Nairobi, mwambie muuzaji aichomeke uione ikizunguka, alafu udai risiti.

Alafu mwili wako mwenyewe, hapa usiharakishe. Kama una mimba, mashine ya taa weka kando mpaka ujifungue na umalize kunyonyesha, watengenezaji wenyewe wanasema hivyo. Kama uko kwa dozi ya doksisaiklini, ile ya chunusi na mambo mengine mengi, ngozi yako inaumizwa na mwanga haraka. Kama umetumia isotretinoini ya chunusi, watengenezaji wengi wanasema ungoje miezi sita. Kama unapaka krimu ya kujichubua, zile zenye haidrokwinoni ama zebaki ambazo zimepigwa marufuku hapa Kenya lakini bado zinauzwa chini ya meza, ngozi imeshadhoofika na haitavumilia taa wala vibano. Acha kwanza. Na hii nasema kwa upendo, hiyo krimu iache hata kama huna mashine.

Hina na piko pia. Kama umetoka harusini Eastleigh na miguu imechorwa mpaka magotini, usipitishe taa hapo mpaka rangi iishe kabisa, taa haijui hilo ni ua la hina, inaona weusi tu. Vilevile tatuu na vidoa vya kuzaliwa, zunguka mbali navyo.

Keloidi ndio hofu yangu kubwa kwetu. Kama ulitoboa masikio yakafanya uvimbe, ama ulipasuliwa na kovu likapanda juu, epileta kwa kidevu na kinena inaweza kukuletea shida hiyohiyo, juu kila nywele inayong'olewa ni kidonda kidogo. Wenye sukari, wenye mishipa imevimba miguuni, na wanaotumia dawa za kupunguza damu kuganda, muulizeni daktari kwanza. Na kama nywele zako ni za kidevu, kifua na tumbo, nyingi na ngumu, na hedhi inakuja venye inataka, hiyo si ya kutafutia mashine pekee, inaweza kuwa homoni, PCOS kwa mfano, ile shida ya homoni na ovari, nenda upimwe. Nimeona wasichana wakijificha na skafu miaka na miaka kwa kitu ambacho kina jina na kina matibabu.

Sa tuseme umeamua epileta, na ukweli wengi wetu hapo ndio tutaishia. Nywele ziwe na urefu wa kama milimita mbili mpaka tano, fupi sana vibano havishiki, ndefu sana zinakatikia katikati badala ya kung'oka na hiyo iliyokatika ndio inajikunja na kuota ndani kwa ndani. Nywele zetu zinajipinda, kwa hivyo hii ya kuota ndani inatupata kuliko watu wa nywele zilizonyooka, vile vipele vyeusi vigumu unavyovijua. Siku mbili kabla sugua na dodoki polepole kwa mduara. Siku yenyewe oga maji ya uvuguvugu, ujikaushe vizuri, usipake mafuta wala losheni. Mashine ya taa ni tofauti kidogo, hapo unanyoa kwanza na wembe safi juu nywele iliyo nje ikiwaka inachoma ngozi, lakini usifanye waksi wala kung'oa wiki kadhaa kabla, taa inahitaji nywele iwe imebaki ndani.

Chagua jioni ambayo kesho yake huna haraka. Vidoti vyekundu vitatokea, ni kawaida, vinashuka baada ya masaa machache ama siku moja, na hutaki kuwa navyo ukiwa umebanwa kwa matatu ya Thika Road na jinzi ya kubana na jua la saa saba. Chaji mashine ijae mchana, juu stima ikipotea ukiwa umefika goti la mguu wa kwanza utabaki hivyo. Usiifanyie bafuni ikiwa na waya kwa soketi, bafu zetu za kupanga ni ndogo, sakafu ina maji na shawa ya moto iko hapo juu ya kichwa, kaa kitandani na taulo chini na taa ya kutosha.

Anza na mguu, kwa ule muundi, si makwapa, si kinena. Makwapa yana uchungu zaidi na jasho zaidi. Anza spidi ya chini, vuta ngozi ikazwe na mkono mwingine, simamisha mashine wima na uipeleke polepole kinyume na nywele zinavyolala, usiigandamize. Itauma, sitakudanganya, dakika tano za kwanza ndio mbaya zaidi, na raundi ya pili na ya tatu huwa afadhali. Na usivunjike moyo zikianza kutokea zingine baada ya wiki moja, hazikurudi hizo ulizong'oa, ni zingine zilikuwa zimelala ndani, nywele haziamki zote siku moja.

Lakini kabla ya mguu mzima fanya kidoa. Ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, sehemu iliyofichika, alafu ungoje masaa 24 kwa epileta na 48 kwa taa, kwa nguvu ya chini kabisa. Kukiwa na wekundu tu unaoisha, endelea. Kukiwa na lengelenge, rangi ikabadilika, ama kuwasha kusikoisha, imeisha hapo.

Ukimaliza paka aloevera ama losheni isiyo na manukato, deodoranti ngoja mpaka kesho, dodoki ngoja siku mbili alafu mara mbili kwa wiki. Kichwa cha mashine kitoe, piga brashi, pangusa na spiriti ya kemisti. Na usimwazime mtu, hata roomate wako, hata dada yako, vile vibano vinatoa damu isiyoonekana na hepataitisi B inapita hapo bila wewe kujua. Ukiungua na taa, maji ya baridi ya bomba yatiririke dakika ishirini, si barafu, si unga, si dawa ya meno, na likitokea lengelenge usilipasue, nenda kwa dokta wa ngozi.

Binamu yangu aliirudisha kwa boksi. Shangazi ana rafiki huko ambaye ni mweupe wa chati namba mbili na ataichukua. Yeye ameagiza epileta, inafika Alhamisi, na ameniambia kidoa atafanya Ijumaa usiku, nyuma ya goti, alafu atanitumia picha Jumamosi kabla aguse kwingine.