Damu imerudi ghafla siku kadhaa baada ya opareshini? Dopla (altrasaundi inayoonyesha damu inavyotembea) kwanza, kusafisha kizazi baadae

Mama kajifungua kwa opareshini, damu imepungua vizuri, imeshafika ile ya kahawia. Wiki ya pili anainuka kitandani, damu nyekundu mbichi inamwagika mpaka kwenye visigino, dakika chache tu imekata. Watu wanashusha pumzi, wanamrudisha nyumbani. Jamani msimrudishe! Hapo huenda ni donge tu limeziba tundu, likitoka damu inaweza kurudi, tena kwa nguvu zaidi.

Mhudumu, kwanza mshike mgonjwa mwenyewe. Kanula mbili kubwa (sindano za dripu), damu ya kupima grupu na krosimachi (kuilinganisha na ya kumwongezea), shika kizazi juu ya tumbo, kikiwa laini kikande na oksitosini (dawa ya kukaza kizazi) iingie. Halafu chukua mapigo ya moyo ugawe kwa ile namba ya juu ya presha, yaani mapigo 110 na presha 100 kwa 60 inakupa 1.1, ikishafika 0.9 ujue huyu yuko hatarini hata kama anaongea na wewe vizuri kabisa. Na usiangalie pedi peke yake, maana mshipa unaweza kuvujia ndani, tumbo linajaa, bega linauma, mama anapauka na pedi iko kavu.

Ni kweli mara nyingi chanzo ni mabaki ya kondo au infeksheni, ila aliyepasuliwa, aliyetolewa faibroidi (uvimbe wa kizazi) au aliyesafishwa kizazi anaweza kuwa na ateri ya kizazi (mshipa unaokiletea damu) iliyotoboka ukutani, damu imejitengenezea kifuko pembeni. Altrasaundi ya kawaida inaonyesha kama sisti nyeusi tu (kifuko cha maji), lakini ukiwasha dopla ya rangi unaona nusu nyekundu nusu bluu zinazunguka humo ndani. Ukimkwangua huyu kizazi kumsafisha bila kujua unapasua kile kifuko, na hapo ndo tunapopoteza watu, naumia kila nikiwaza.

Tiba yake nzuri ni kupitisha katheta (mrija mwembamba) kwenye mshipa wa paja au mkono mpaka kwenye ateri yenyewe, wanaiziba kwa koili (vijiwaya vilivyojikunja) au gundi, kizazi kinabaki na wengi wanabeba mimba tena. Huduma haipo? Rufaa mapema akiwa bado na nguvu, aondoke na dripu, damu na mhudumu. Presha ikigoma kupanda hakuna kusubiri gari, ni tieta (chumba cha upasuaji), ateri ifungwe, na ikishindikana kizazi kitolewe.

Na wewe ndugu unayemleta, pedi ikilowa yote ndani ya saa moja usisubiri asubuhi, ukifika mapokezi sema hivi: "alipasuliwa, damu ilikata, imerudi ghafla, tunaomba dopla."