Namna ya Kulinda Vifaa Nyeti Ubalozi Mdogo wa Unguja Unapofungwa Ghafla

Ubalozi mdogo ulioko Unguja hauna barabara ya kutokea: kuna bandari na kuna uwanja wa ndege, na vyote viwili huweza kufungwa kwa amri moja. Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na siku ya pili yake manowari ya Marekani, Manley, ilikuwa ikiwahamisha raia wa nchi hiyo. Mpango wako basi uwe wa saa chache na wa mzigo unaobebeka mkononi.

Orodha ya vifaa ipangwe mapema, kwa kufuata madhara yatakayotokea vikichukuliwa, si kwa bei. Ziwe mwanzo funguo za usimbaji, yaani namba za siri zinazofunga na kufungua ujumbe, kwani mtambo wa mawasiliano usio na funguo haumfaidii sana mtekaji. Sambamba nazo ziwe rekodi zenye majina ya wenyeji waliowahi kufanya kazi au kuzungumza na ofisi. Hao hawatapanda meli, na jalada moja lililosahaulika masjala linaweza kuwagharimu maisha. Hufuata mihuri, pasipoti tupu na vibandiko vya viza, kisha simu za setilaiti na redio. Magari na samani viacheni.

Kinachoweza kuondoka kiondoke dalili zinapoanza, kupitia ubalozi wa Dar es Salaam. Mkataba wa Vienna wa 1963, unaohusu balozi ndogo, unairuhusu nchi mwenyeji, ikiwa na sababu nzito, kuomba mfuko wa kikonseli, yaani mfuko rasmi wa nyaraka za ubalozi mdogo, ufunguliwe, na ombi likikataliwa mfuko urudishwe ulikotoka. Mfuko wa kidiplomasia, ule wa ubalozi wenyewe, chini ya mkataba wa Vienna wa 1961 haufunguliwi wala kuzuiliwa.

Uharibifu ndio unaohitaji mazoezi zaidi. Tehran, mwaka 1979, karatasi zilizochanwa kwa mashine kuwa vipande virefu ziliunganishwa upya na kuchapishwa, kwa hiyo tumia mashine inayokata vipande vidogo sana. Usiutegemee umeme: waya wa chini ya bahari ulipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa gizani miezi mitatu hivi. Wekeni jenereta, pamoja na nyundo nzito na patasi. Diski ngumu ya kizamani hufutika kwa sumaku yenye nguvu, lakini kumbukumbu za chipu, kama za simu na flashi, hazidhuriki nayo, na lazima kila chipu ipondwe. Betri zitolewe kwanza, kwani zikigongwa hulipuka moto. Msichome kitu ndani ya Mji Mkongwe, ambako nyumba zimebanana na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Moto huo utawaunguza majirani.

Vinavyobaki vifungiwe chumba kimoja, vitiwe lakiri, na hati ya makabidhiano iandikwe kwa nakala mbili zenye saini. Mkataba wa 1963 unailazimu nchi mwenyeji kulinda jengo, mali na nyaraka, na unaruhusu ulinzi huo ukabidhiwe nchi ya tatu inayokubalika kwa mwenyeji. Kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano, taarifa rasmi ipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje, na nakala kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.