Kabla Hujaifungia Kadi: Ninavyoamua Mezani Petu

Jumamosi baada ya Alasiri tunakutana watu 14, pengine 16, ghorofani juu ya duka la leso la shangazi yangu, Biashara Street, Mombasa, kucheza Magic: The Gathering, mchezo wa kadi wa kupigana watu wawili. Tunaruhusu kadi za mwaka wowote, kwa kuwa kila mtu kazipata kivyake: huyu kaletewa na binamu yake kutoka Dubai, yule kauziwa na mtu wa Nyali aliyeacha kucheza. Orodha rasmi za kadi zilizopigwa marufuku zimepangwa kwa aina za mashindano ambazo sisi hatuchezi, kwa hiyo ya kwetu tumeitunga wenyewe na mimi ndiye ninayeitunza.

La kwanza, usifungie kadi siku iliyokuuma. Karibu kila wiki kuna anayenifuata ngazini: "Ami, ile iondoe, haifai." Mara nyingi anayoitaja ni kadi iliyommaliza, wala si iliyomshinda. Hapa nitaeleza kisa cha Skullclamp, maana ndicho kilichonifundisha kazi hii.

Skullclamp ni kadi ya kifaa cha mana 1 (mana ni nguvu unayolipia kadi zako). Kwa mana 1 nyingine unamvisha kiumbe wako, yaani kadi ya mpiganaji uliyemweka mezani. Anaongezeka nguvu 1 na kupungua uhai 1. Akifa, unaokota kadi 2. Sasa mvishe kiumbe mwenye uhai 1: anakufa papo hapo. Kijana mmoja wa Tudor alikuwa akivipanga vijitu vyake mbele yake kama kete za bao. Anasogeza kifaa kwa kidole, kijitu kinaenda kaburini, anaokota mbili. Anasogeza tena, mbili nyingine. Mwenzake ameshika kadi tatu, yeye ana tisa mkononi. Na watu wakitoka hapo wanalalamikia joka lililowapiga mwisho! Joka lingekuwa lolote. Mshindi alikuwa kile kichuma cha mana 1.

Kwa hiyo weka daftari. Mimi naandika kila mechi: nani dhidi ya nani, deki gani (lile rundo la kadi 60 la kila mchezaji), nani alianza, na kama kadi inayolalamikiwa ilionekana mezani au la. Mechi za deki moja dhidi ya nyingine ya aina hiyo hiyo zitoe kwenye hesabu, kwa sababu hapo lazima mmoja ashinde na mmoja ashindwe, na zinakuficha ukweli. Baada ya Jumamosi nane, deki za Skullclamp zilikuwa zimeshinda mechi 31 kati ya 40 dhidi ya deki nyingine.

Hata hivyo nilisubiri wiki tatu zaidi, watu wajaribu dawa. Kila mmoja ana kadi 15 za akiba, na wengi walitia Disenchant na Naturalize za kuvunjia vifaa. Haikusaidia, mpaka kivunjwe, mwenyewe ameshaokota nne. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kwamba watu sita waliacha deki walizozipenda wakaunda ile ile. Meza ikikaribia kuwa ya deki moja, usingoje tena.

Sasa, kikomo au marufuku kabisa? Hapa nilikosea. Kanuni inaruhusu nakala 4 za kadi moja. Nikaiwekea kikomo cha nakala 1. Kwenye karatasi ilipendeza: ukiwa na nakala 4 katika kadi 60, nafasi ya kuwa nayo katika kadi 7 za mwanzo ni karibu asilimia 40, ukiwa na 1, haifiki 12. Wiki iliyofuata yule kijana akaja na Stoneforge Mystic nne, kiumbe ambaye akiingia mezani anakutafutia kifaa chochote ndani ya deki. Nakala moja ikawa kama tano. Tena kifaa hakitumiki kikaisha. Kinakaa mezani hadi mwisho.

Tangu hapo najiuliza mambo mawili: kadi hii ikitumika mara moja inaondoka, na kuna njia rahisi ya kuitafuta? Ikiwa inaondoka na haitafutiki, kikomo cha moja kinatosha. La sivyo, ifungie. Hata Vintage, aina ya mashindano inayoruhusu karibu kadi zote za zamani na mpya, ambayo desturi yake ni kuweka kikomo badala ya kufungia kadi kwa sababu ya nguvu, ililazimika kuifungia kadi iitwayo Lurrus mwaka 2020, kwa kuwa ile hukaa nje ya deki na moja tu inakutosha.

Muda pia ni sababu halali. Kadi inayomfanya mtu afikirie dakika tatu kila zamu inatuharibia raundi, na sisi lazima tumalize kabla ya Maghrib.

Ukishachagua, jaribu kinachobaki. Skullclamp ilifungiwa katika Standard, aina ya mashindano ya kadi za karibuni tu, mwezi wa Juni 2004, lakini deki ya Affinity, ile iliyojaa vifaa, ikaendelea kutawala, hadi Machi 2005 zikafungiwa kadi nyingine nane kwa mpigo. Mimi niliazima deki ya kijana, nikatoa kifaa, nikacheza nayo michezo kumi usiku mmoja. Nilishinda mitano. Nikaridhika.

Kutangaza kuna adabu yake. Usitangaze siku ya mashindano. Toa wiki mbili. Na mwenye kadi aambiwe kwanza, peke yake. Nilimfuata kijana hadi kibarazani kwao, tukanywa kahawa.

"Ami, mimi nimezinunua kwa mshahara wangu."

"Najua, mwanangu. Njoo na kasha lako, uchague kwangu za thamani hiyo."

Akachagua kwa saa nzima, nami sikumharakisha. Kisha nikabandika karatasi ukutani: jina la kadi, sababu kwa sentensi mbili, siku ya kuanza, na siku ya kuipitia tena. Hiyo ya mwisho usiisahau, kwa sababu watu wanapata kadi mpya na meza inabadilika. Ya Skullclamp nimeiandika pia ndani ya jalada la daftari: Jumamosi ya kwanza baada ya Idi.