Jinsi nilivyomaliza drafti ya kwanza: setingi zangu za FocusWriter, hatua kwa hatua

Nina riwaya tatu zilizofia sura ya pili, zote kwa ugonjwa uleule, naandika aya moja, narudi kuisoma, naifuta, naiandika tena, saa nne usiku inanikuta palepale. Ya nne nimeimaliza, hapahapa Mwanga, Kigoma, kwenye laptopu ya mkono wa pili ambayo betri yake ilishakufa zamani. Kipaji hakijaongezeka hata kidogo, nilichobadilisha ni pa kuandikia tu. Nawawekea nilivyofanya, mtu achukue kinachomfaa.

Hatua ya 1. Pakua FocusWriter, programu ya kompyuta ya kuandikia bila vitu vya kukuvuruga. Ni ya bure kabisa, ya Windows na Linux, ya jamaa anaitwa Graeme Gott. Ipo pia ya kubeba kwenye flashi, huna haja ya kuinstoli, nzuri kwa wanaotumia kompyuta ya ofisini (sijasema kitu). Ukiifungua inajaa skrini nzima, menyu zote zinajificha mpaka upeleke mausi juu kabisa, na ukiishusha chini ndo unaona idadi ya maneno. Bando utalitumia siku ya kupakua tu, baada ya hapo intaneti haihitaji.

Hatua ya 2. Zima ukaguzi wa tahajia. Wengi wanairuka hii na kwangu mimi ndo ilikuwa kubwa kuliko zote. Kompyuta nyingi huku zimewekwa Kiingereza, sasa wewe unaandika "mvuvi", "mtumbwi", "migebuka", yenyewe inaona yote ni makosa, inapiga mistari myekundu mpaka ukurasa unakuwa kama mtoto mwenye surua. Hata kama unajua hujakosea, jicho linaenda kwenye wekundu, mkono unafuata, unajikuta unahariri. Nenda kwenye setingi, sehemu ya tahajia, toa tiki, toka.

Hatua ya 3. Fifisha ulichokwisha andika. Humohumo kwenye setingi kuna machaguo manne: kuzima, mstari mmoja, mistari mitatu, au aya nzima. Ukichagua mistari mitatu, hiyo unayoandika inabaki imekolea, kwingine kote kunafifia. Mstari mmoja nilijaribu nikawa nasahau sentensi nilianzaje, aya nzima ikanirudishia ugonjwa wangu wa kusomasoma, mitatu ndo saizi yangu. Sisi watu wa mwisho wa reli hili tunalielewa vizuri, treni ikishapita Uvinza hairudi Kaliua kuokota ndoo ya mtu iliyodondoka, ndoo utaifuata safari nyingine.

Hatua ya 4. Weka lengo la siku. Programu inakuuliza unataka dakika au maneno, mimi nachukua maneno. Nilianza na 1,000 kwa sababu nilisoma kwamba kuna watu wanaandika maneno 50,000 kwa mwezi wa Novemba peke yake, nikaanguka siku ya nne. Baadaye nikashtuka, yale ni maneno ya Kiingereza! Sisi "hatukumwona" ni neno moja, wenzetu hapo wanatumia matano. Kwa hiyo usijipimie kwa kibaba cha mtu mwingine. Nikashuka 500, na 500 kwa siku 90 ni 45,000, hicho ni kitabu kabisa.

Kuna siku nashusha mpaka 200. Shemeji yangu anavua dagaa Kibirizi, mbalamwezi ikiwa kali haendi ziwani maana taa hazivuti samaki, basi anakuja kwangu kupiga stori, na hii programu haina setingi ya kuzima shemeji.

Hatua ya 5. Usichokijua kiwekee alama, songa mbele. Hapa nilipigwa sana. Nilikuwa naandika babu mmoja anaisubiri meli ya MV Liemba bandarini, nikataka kujua ilianza lini kuitwa hivyo, nikasema naangalia fasta. Weee. Nikakuta kumbe ilitengenezwa Ujerumani, Papenburg, ikaletwa vipandevipande kwenye makasha mpaka Kigoma kwa treni, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, nikatoka huko saa sita usiku na babu wa watu bado kasimama bandarini. Siku hizi naandika @@ halafu swali langu, mfano "@@mwaka gani", naendelea. Alama hiyo huikuti kwenye maandishi ya kawaida kwa hiyo baadaye kuitafuta ni rahisi.

Hatua ya 6. Washa kusevu kwenyewe. Umeme ukikatika laptopu yangu inazima hapohapo, nilishawahi kupoteza sura nzima ya harusi, na harusi ya mara ya pili haikunoga kama ya kwanza. Jumamosi nakopi faili kwenye flashi.

Hatua ya 7. Simu ikae chumba kingine. Sio kuizima sauti, CHUMBA KINGINE.

Hatua ya 8. Ukimaliza, ndo ufungue Word au LibreOffice, faili la ODT la FocusWriter linafunguka kote huko. Usianze kusoma siku hiyohiyo, mimi niliacha wiki mbili nikawa nasaidia dukani tu. Ukirudi bonyeza Ctrl na F, andika @@, uanze kuzijibu moja moja. Zangu zilikuwa 63. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya yule babu wa bandarini, jibu ni 1927.