Kupima umeme na joto kwenye utando wa bismathi teluraidi kwa vifaa vya kawaida, Tanga

Umepata kipande cha kioo chenye utando wa bismathi teluraidi (Bi2Te3), semikondakta inayogeuza joto kuwa umeme, wa nanomita 100, na maabara ina vifaa vya kawaida tu kama multimita, betri, rezista na waya. Vipimo viwili vinawezekana: ukinzani wa utando, na volteji inayozaliwa na tofauti ya joto, yaani mgawo wa Seebeck.

Usomaji ukiyumba, usianze kwa kulaumu unyevu wa Tanga. Maji yanayotanda juu ya kioo yana ukinzani mkubwa mno kulinganisha na utando wenye omu 100 hivi, kwa hiyo hayauibii mkondo. Madhara ya hewa ya pwani huja polepole: uso wa utando unaoksidika na chumvi inakula klipu. Tunza kipande kwenye kopo linalobana, pamoja na vifuko vya silika, na sugua klipu kwa msasa laini kila kabla ya kupima.

Kata mraba wa mm 10 kwa 10. Kwenye kila pembe weka tone la gundi ya fedha lisilozidi mm 1, bandika waya mwembamba wa shaba, acha ikauke kabisa. Usilehemu, maana joto hubandua utando. Ncha za chuma zenye springi nazo ziache: maada hii ni laini, ina matabaka, na ncha huichimba mpaka kioo.

Unganisha betri ya volti 9 na rezista ya kiloomu 10 ili upate karibu miliampea 0.9. Pitisha mkondo kwenye pembe mbili jirani, soma volteji kwenye mbili zilizobaki, kisha geuza mkondo na usome tena. Toa usomaji wa pili kwenye wa kwanza, gawa kwa 2. Volteji ndogo za joto la viungo zitakuwa zimejifuta. Zungusha waya kwa pembe moja, rudia. Majibu ya pande mbili yakikaribiana, zidisha wastani wa V/I (volteji kwa mkondo) kwa 4.53, namba ya kanuni ya van der Pauw kwa kipande cha mraba. Miliampea 0.9 ikikupa milivolti 20, utando una karibu omu 100 kwa mraba (ukinzani wa kipande chochote cha mraba, kiwe kikubwa au kidogo), na ukizidisha kwa unene unapata omu-mita 0.00001. Punguza mkondo kwa nusu: volteji isipopungua kwa nusu, kiungo kimojawapo ni kibovu, kipake upya.

Kwa Seebeck, laza ukanda wa utando juu ya vipande viwili vya shaba vilivyoachana, kimoja kikipashwa na rezista ndogo. Themokapo (vipimajoto vya nyaya mbili za metali tofauti) zikae juu ya utando wenyewe, hapo hapo penye waya wa volteji. Zikikaa kwenye shaba, zitakuonyesha tofauti kubwa kuliko ile ya utando, na mgawo utatoka mdogo. Zima feni, funga dirisha, funika kwa boksi. Ni adha kwa joto la Januari, lakini upepo wa feni unayumbisha kila kitu. Panda hadi tofauti ya nyuzi 5, ukiandika volteji kila nusu nyuzi, kisha chora mstari na uchukue mteremko wake. Usitegemee nukta moja. Multimita iweze kuonyesha mabadiliko madogo hadi mikrovolti 10. Upande wa moto ukiwa chanya, wabebaji wa chaji ni elektroni na mgawo ni hasi. Ongeza mikrovolti 1.8 kwa nyuzi, ambazo ni mchango wa waya wa shaba.

Upitishaji joto wa utando hautapimika hivi. Kioo cha mm 1 ni kinene mara 10,000 kuliko utando na hupitisha joto kwa kiwango kinachokaribiana nao, kwa hiyo karibu joto lote linapita humo. Unachoweza ni kukadiria sehemu ya elektroni kwa kanuni ya Wiedemann na Franz, inayokokotoa joto linalobebwa na elektroni kutokana na upitishaji umeme: kwa mfano wetu, wati 0.7 kwa mita kwa kelvini, kama kikomo cha juu. Sehemu ya mitetemo ya atomi inadai utando unaoning'inia bila kioo, au mbinu ya omega tatu, inayopasha kwa mkondo geu na kusoma volteji yenye masafa mara tatu ya mkondo huo.

Wala usiandike kwenye ripoti kwamba umepima mkondo wa uso wa kitopolojia, yaani ule unaobebwa na hali maalumu za elektroni zilizo usoni tu mwa maada hii. Hali hizo ziko kwenye nanomita chache tu za juu na za chini, na katika joto la chumba kasoro za fuwele hujaza tumbo la utando wabebaji wengi wanaozifunika. Kuzitenga kunahitaji ubaridi wa heliamu na uga wa sumaku.