Barafu mdomoni wakati wa 5-FU

Nimejifunza njia hii ya kupunguza vidonda vya mdomo kwa nesi anayemchoma dada yangu dawa za saratani. Kama unapewa 5-FU (fluorouracil, mojawapo ya dawa hizo, huleta vidonda hivyo) kwa sindano ya mara moja, mumunya barafu kuanzia dakika 5 kabla ya sindano, endelea mpaka nusu saa ipite. Kikiyeyuka kipande, tia kingine, na ukizungushe hadi chini ya ulimi na ndani ya mashavu. Baridi inabana mishipa ya damu mdomoni, kwa hiyo dawa kidogo tu inafika pale. Na kwa kuwa 5-FU huisha haraka kwenye damu, nusu saa hiyo ndiyo yenye maana. Vidonda vya mdomo vinapungua, ingawa si lazima viishe kabisa.

Barafu igandishe nyumbani kwa maji yaliyochemshwa, maana kinga iko chini. Ya mtaani achana nayo. Ibebe kwenye chupa ya chai, inatunza baridi vilevile. Ivunje ndogondogo na uisuuze kwanza, ncha zake zisikukwaruze.

Haisaidii kama 5-FU inaingia polepole kwa saa nyingi au siku mbili, wala kama unameza vidonge. Na kama kwenye mchanganyiko wako wa dawa kuna oxaliplatin, usiguse barafu kabla ya kumuuliza daktari: dawa hiyo na baridi haviivi, koo linaweza kukaza hadi uhisi pumzi haipiti. Soma jina kwenye dripu, au muulize nesi.